Kujifunza kwa Kujaribu: Kutoka Tanuri la Chuma hadi Kioo cha Kompyuta

Wazee wetu wa kusini-magharibi mwa nchi walijua kuyeyusha chuma kabla ya kuja kwa wakoloni. Huko Ufipa, jirani na Mpanda, wahunzi walijenga matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, yaliyomzidi mtu kimo. Malungu hayakuhitaji mivukuto: hewa ya moto ilipopanda juu, hewa baridi iliingia yenyewe kwa matundu ya chini. Kijana aliyejifunza kazi hiyo hakunakili kanuni ubaoni. Alifinyanga udongo, akapanga mkaa, na kosa lake akaliona kwa macho.

Shule za kisasa zilileta desturi nyingine. Mwalimu alichora sakiti kwa chaki, mwanafunzi akainakili, na mtihani ukamdai ainakili mara ya pili. Hatuwalaumu walimu. Maabara zilikuwa haba, na Mpanda yenyewe kwa miaka mingi ilitegemea majenereta ya dizeli, mbali na gridi ya Taifa. Kompyuta nazo zilichelewa kutufikia, kwani mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini, marufuku ambayo ililegezwa baadaye.

Mwaka 2002 Carl Wieman, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka uliotangulia, alianzisha katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, mradi uitwao PhET. Kazi yake ni kutunga majaribio ya kuigiza, yaani maumbile yaliyochorwa katika kompyuta, ambayo mwanafunzi huyageuza atakavyo na kuona matokeo papo hapo. Huunganisha waya, betri na globu kwa kidole. Huongeza globu ya pili, akaona mwanga ukififia. Akiziunganisha ncha mbili za betri kwa waya mtupu, moto huwaka kiooni, wala dawati haliungui. Majaribio hayo hutolewa bure, na mengi yaweza kuhifadhiwa katika kompyuta yakatumika pasipo intaneti. Kwa shule iliyo mbali, tuseme kule Karema ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, hilo ni jambo kubwa: swali la "itakuwaje nikifanya hivi?" laweza kuulizwa mara ishirini bila kuharibu hata globu moja.

Hata hivyo, yafaa tumkumbuke Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, alitia maziwa ya moto katika jokofu ili atengeneze aiskrimu, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyotiwa baridi. Alipouliza sababu alichekwa. Hakuacha kuuliza, na mwaka 1969 alichapisha habari hiyo pamoja na Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia chuo kikuu Dar es Salaam. Wataalamu wangali wakibishana juu yake hadi leo. Kompyuta isingalimwonyesha Mpemba jambo lile, maana hurudisha kanuni zilizotiwa ndani yake na mtungaji; maziwa hayakumtii mtungaji yeyote.

Liko pia suala la lugha. Mtoto wa Mpanda husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi. Aingiapo sekondari hukuta mkondo na ukinzani vimevaa majina ya Kiingereza, naye hudhani amekutana na vitu vigeni. Baadhi ya majaribio ya PhET yamekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili. Kwetu sisi tunaoishughulikia lugha hii, tafsiri ya namna hiyo ina uzito kuliko kamusi nyingi, kwa kuwa neno na kitendo huonekana pamoja.

Mwalimu mwenye kompyuta moja tu aweza kuanza hivi: kabla ya kugusa chochote, awaulize wanafunzi ni globu ipi itakayong'aa zaidi, wabishane, kisha wajaribu kiooni. Halafu walirudie jaribio hilo hilo kwa waya na betri za tochi, ambazo hazikosekani madukani Mpanda.