Umashree, Binti wa Jukwaa la Kikannada

Kampuni ya maigizo ya Gubbi ilipoanzishwa mwaka 1884 katika wilaya ya Tumkur, kusini mwa India, malkia wa jukwaani alikuwa mwanamume aliyevalishwa sari. Mwanamke aliyeigiza mbele za watu alijiharibia jina. Gubbi Veeranna alipoishika kampuni aliwafungulia wanawake mlango, na mkewe, B. Jayamma, akang'ara jukwaani, kisha kwenye filamu bubu. Sinema ya sauti katika Kikannada, lugha ya huko, ilipoingia mwaka 1934, ilizoa waigizaji kutoka kampuni hizo hizo. Miaka tisa baadaye M. V. Rajamma, naye mtoto wa jukwaa, akatayarisha filamu yake mwenyewe, Radha Ramana.

Mwigizaji Umashree alizaliwa wilaya hiyo hiyo ya Tumkur mwaka 1957, siku za kampuni za kuhamahama zikielekea ukingoni. Jukwaa lililomlea lilikuwa jingine: la vikundi vya mjini vilivyotaka kusema habari za wanyonge. Katika Odalaala, tamthilia iliyotokana na kisa cha mwandishi Devanur Mahadeva, alicheza Sakavva, bibi kizee wa Dalit, jamii ya tabaka la chini kabisa, anayezunguka kijiji kizima akimtafuta jogoo wake aliyepotea. Usiku gunia la karanga za wizi linaingia nyumbani. Familia inakaa kuzunguka moto, inamenya na kutafuna hadi punje ya mwisho, na polisi wakija hawakuti kitu. Umashree alikuwa bado kijana, lakini njaa ya kizee yule na ulimi wake mkali vilimkaa barabara.

Ungedhani baada ya hapo watu wa filamu wangegombania kumpa nafasi nzito. Wapi! Anubhava ya mwaka 1984 ilimpa jina, kisha akafungiwa kwenye vichekesho, filamu baada ya filamu, akirusha mizaha ya mafumbo ya chumbani. Aliimudu kazi hiyo, maana kuchekesha nako kunataka ufundi, ila watayarishaji walichezea kipaji.

Mwongozaji Girish Kasaravalli ndiye aliyemtoa huko. Katika Gulabi Talkies, Umashree ni mkunga Mwislamu katika kijiji cha wavuvi pwani ya Karnataka, mwanamke asiyekosa sinema jioni. Familia moja inayomhitaji azalishe inamlipa televisheni na dishi. Majirani wanajazana kwake kutazama. Wengine, kwa sababu ya dini yake, wanachungulia kutoka nje. Kisha inakuja vita ya Kargil ya mwaka 1999 kati ya India na Pakistan, na pamoja nayo ugomvi wa bahari na samaki, na mkunga aliyewapokea watoto wao anageuzwa adui. Filamu hiyo ilimpatia tuzo ya taifa ya mwigizaji bora wa kike.

Mwaka 2013 alichaguliwa mbunge wa jimbo la Terdal, eneo la wafumaji, akawa waziri wa serikali ya Karnataka aliyeshughulikia wanawake na watoto, pamoja na utamaduni wa Kikannada. Siasa haikumng'oa kwenye maigizo: alirudi na Sharmishthe, mchezo wa mwigizaji mmoja, akilishika jukwaa peke yake.