Bernadette wa Tawa

Pita soko la Tawa, pale Mbooni kaunti ya Makueni, siku ambayo watu wamejaa, na utege sikio usikie wanavyoitana. Josephine anapima ndengu. Bernard yuko kwa bodaboda. Jackline ana kibanda cha M-Pesa na mteja wake ni Denis. Kuna Caroline, kuna Robert, kuna Charles. Nyuma ya kila mmoja kuna jina la Kikamba: Mumbua, Mutuku, Wayua, Musyoka. Sasa uliza yale ya kwanza yalitoka wapi. Utaambiwa tu, "Ni majina ya kizungu," na stori inaishia hapo.

Lakini mzungu yupi? Kwa sababu tulitawaliwa na Mwingereza, tunadhani majina ni yake. Kumbe mengi ya hayo yalikuja na pasipoti ya Kifaransa, na mengine yalifika London yenyewe kama wageni.

Tuanzie huko London basi. Kabla ya mwaka 1066, Waingereza walikuwa na majina kama Godwin na Æthelred. Mwaka huo William, mtawala wa Normandy, alivuka bahari kutoka Ufaransa, akamuua mfalme wao vitani na kukalia kiti chake. Mabwana wapya walikuwa akina William, Robert, Richard, Henry, Geoffrey na Gilbert. Haikuchukua muda mrefu kabla ya mkulima wa kawaida kuanza kumwita mwanawe Robert. Hakuna aliyemshikia panga. Aliona tu kwamba jina la mwenye nguvu linafungua mlango, na la babu yake linanuka tope. Vizazi vichache baadaye, majina mengi ya zamani yalikuwa yamezikwa. Kwa hivyo Mwingereza alipofika Ukambani na akina Robert na Richard wake, alikuwa amebeba alama za kushindwa kwake mwenyewe, ameshazisahau.

Njia ya pili ilikuwa ya mapadri. Mapadri Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Zanzibar miaka ya 1860, na mwaka 1868 wakafungua misheni Bagamoyo. Kutoka pwani walipanda bara. Mwaka 1899 walianzisha misheni ya St. Austin's Nairobi, wakati mji ulikuwa bado kambi ya reli. Hata hilo Austin ni Augustino aliyefupishwa mdomoni mwa Mfaransa. Baadaye Kabaa, upande wa Machakos, ikawa kituo chao kikubwa Ukambani. Wengi wa mapadri waliofuata walikuwa Waairishi, lakini orodha ya watakatifu ilikuwa imeshajaa Wafaransa.

Angalia tarehe. Jeanne d'Arc alitangazwa mtakatifu mwaka 1920, Thérèse wa Lisieux mwaka 1925, na Bernadette Soubirous mwaka 1933. Ni miaka ileile misheni zilikuwa zinabatiza watoto Ukambani. Kwa sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, paroko alitakiwa kuhakikisha kila anayebatizwa anapewa jina la Kikristo. Mzazi akija na Mumbua peke yake, padri alimwongezea la mtakatifu na kuandika yote mawili kitabuni.

Njia ya tatu ilipitia Uganda. Mapadri wengine Wafaransa, White Fathers, walifika Buganda mwaka 1879. Mmoja wao, Siméon Lourdel, aliitwa Mapeera, yaani "mon père" iliyopita kwenye ulimi wa Kiganda. Novemba 1885, kijana mmoja wa ikulu ya Kabaka alibatizwa Charles. Huyo ndiye Charles Lwanga, aliyechomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1964, na leo kuna shule yenye jina lake hata Kitui. Charles huyo si tena wa wafalme wa Ufaransa. Amekuwa Mwafrika aliyelipia jina lake kwa maisha yake.

Tuingie kwa maana sasa, kwa sababu hapa ndipo mambo yananoga.

Jina la Kikamba linajieleza. Mumbua na Wambua wamezaliwa mvua ikinyesha. Mutuku na Nduku, usiku. Kioko, asubuhi. Kyalo, safarini. Nzilani, njiani. Wayua alikuja wakati wa njaa, na Mutinda alikawia tumboni. Ukijua Kikamba, kusikiliza orodha ya majina darasani ni kama kusoma taarifa ya hali ya hewa na historia ya njaa kwa pamoja.

Ya Kifaransa yamefungwa kwa kufuli, lakini funguo zipo. Caroline anatoka kwa Charles, na Charles ni "mwanamume", mtu tu. Josephine ni Yosefu aliyevalishwa gauni, na Yosefu kwa Kiebrania ni "ataongeza". Jackline, ambalo sisi tumeliondolea herufi kadhaa, ni Jacques wa kike, na Jacques ni Yakobo. Denis anatoka kwa Dionisi, mungu wa Kigiriki wa mvinyo. Fikiria hilo kidogo. Wamisheni walipiga vita pombe ya kienyeji ya Mkamba, halafu wakambatiza mtoto wake jina la mungu wa ulevi.

Bernard ndiye ananipendeza zaidi. Ni jina la Kijerumani cha kale lililorithiwa na Wafaransa kutoka kwa Wafranki, na maana yake ni "mkali kama dubu". Sasa, Wakamba nao wana akina Mbiti, yaani fisi, na Munyambu, yaani simba. Majina hayo hupewa mtoto aliyesubiriwa sana, hasa mama akiwa amepoteza wengine kabla yake. Watu wa misitu ya Ulaya na watu wa vilima vya Mbooni hawakuwahi kukutana, lakini wote walimwangalia mtoto mchanga wakaona afadhali wamwazime mnyama mkali.

Na Bernadette? Msichana wa Lourdes, aliyesema alimwona Bikira Maria mwaka 1858 akiwa na miaka 14, alibatizwa kwa jina la shangazi yake Bernarde, dada ya mamake. Kwa kuwa alikuwa mdogo, wakamwita Bernadette. Ile "-ette" ya Kifaransa ni kudogosha kwa upendo, sawasawa na "ka-" ya Kikamba unayoisikia kwa Kasyoka. Kumbe alirithi jina la ndugu wa familia, kama vile mtoto wa Tawa anavyorithi la susu yake.

Kwa nini basi tumeyapanga majina haya kwa ngazi, moja la ofisini na lingine la nyumbani? Hata Ufaransa, majina yamekuwa chini ya mkono wa serikali. Sheria ya mwaka 1803 iliruhusu tu majina yaliyo kwenye kalenda na ya watu wa historia ya kale. Wazazi wa huko walipata uhuru wa kuchagua mwaka 1993 tu. Zaire, Mobutu aligeuza meza mwaka 1972: akapiga marufuku majina ya kigeni, yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré. Désiré maana yake ni "anayetamaniwa". Lakini serikali ilipolegea majina yalirudi, na leo mashariki mwa Kongo utakutana na Dieudonné, "Mungu ametoa", na Espérance, "tumaini". Tofauti na sisi, kule wengi wanaielewa lugha ya majina hayo. Mama anayemwita bintiye Espérance anajua anachosema.

Sisi hapa tumebaki kuchagua kwa sauti. Binamu yangu ana mimba ya miezi saba, na kundi la familia la WhatsApp limewaka. Yeye anataka Mwende, basi. Shangazi zake wanauliza, "Na jina la dini je?" Mmoja alipendekeza Aimée kwa sababu aliliona kwenye filamu na "linasikika poa". Nikawaandikia kwamba Aimée kwa Kifaransa ni "apendwaye", na Mwende kwa Kikamba ni "apendwaye". Ni jina lilelile. Kukawa kimya, halafu shangazi mkubwa akajibu, "Sasa si Aimée ndiyo ya cheti?"

Hapo ndipo kidonda kilipo. Si maana inayogombaniwa, ni cheti. Hakuna sheria ya Kenya inayodai jina la kizungu. Sheria mpya ya Kanisa, ya mwaka 1983, inasema tu jina lisiwe kinyume na roho ya Kikristo, na Mwende haligombani na Injili hata kidogo. Profesa Kivutha Kibwana aliongoza Makueni kama gavana wa kwanza bila kumwazima Mfaransa herufi. Charity Ngilu, mzaliwa wa Mbooni, aliwania urais mwaka 1997 akiwa na jina ambalo Waingereza walilipata kutoka kwa Wafaransa, na kura zilihesabiwa vilevile.

John Mbiti, msomi aliyezaliwa Mulango, Kitui, aliandika kwamba zamani Mkamba mchanga alipewa jina siku ya tatu, na siku ya nne baba akamvika mkufu shingoni. Kabla ya hapo alihesabiwa bado ni wa mizimu. Jina na mkufu ndivyo vilivyomvusha upande wa watu.

Kwa hivyo sitamwambia mtu atupe Bernadette. Jina lililobebwa na susu kwa miaka themanini, likaitwa mashambani na kanisani, ni la Tawa sasa. Lourdes haina dai tena. Ninachoomba ni kidogo: ukimpa mtoto jina, ujue linasema nini, na lile linalosema kwa lugha yako liandikwe kwenye cheti pia, kwa ukamilifu, si herufi moja na nukta.