Uendelevu kazini na kudumu kwa wafanyakazi vijana

Uendelevu kazini ni mipango anayoiweka mwajiri ili shughuli zake zisiharibu mazingira wala kuwachakaza watu: kubana matumizi ya umeme na maji, kupunguza taka, kuchagua malighafi kwa uangalifu, kuwapa wafanyakazi muda wa kushiriki kazi za jamii. Dhana ya maendeleo endelevu ilienea kupitia ripoti ya mwaka 1987 ya tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland. Kwa muda mrefu makampuni yaliitumia kuzungumza na wateja na wenye hisa. Siku hizi maofisa utumishi nao wameishika, kwa kuwa vijana wanahama kazi mapema na baadhi yao wanasema wazi kwamba mwenendo wa mwajiri ndio uliowaondoa.

Uchunguzi uliotolewa na KPMG nchini Uingereza mwaka 2023 ulionyesha kuwa mfanyakazi 1 kati ya 5 wa ofisini aliwahi kukataa kazi kwa sababu msimamo wa kampuni kuhusu mazingira na jamii haukulingana na wake. Kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 24, walikuwa karibu 1 kati ya 3. Majibu ya dodoso yapokelewe kwa tahadhari, maana kusema hakugharimu kitu. Ushahidi wenye uzito zaidi ni utafiti wa Christiane Bode, Jasjit Singh na Michelle Rogan wa mwaka 2015. Hao walifuatilia kumbukumbu za ajira za kampuni kubwa ya washauri, wakakuta kwamba walioshiriki wenyewe katika miradi ya kijamii ya kampuni walielekea kubaki kuliko wenzao wasioshiriki. Kinachopimwa hapo ni jasho la mfanyakazi, wala si uzuri wa sera iliyobandikwa ukutani.

Kampuni ya nguo ya Patagonia, iliyoanzishwa na Yvon Chouinard mwaka 1973 huko Ventura, California, imeliishi jambo hili kwa miongo kadhaa. Tangu 1985 hutenga asilimia 1 ya mauzo kwa ajili ya mazingira. Ni mauzo, si faida, kwa hiyo hata mwaka mbaya fedha hutoka. Tangu miaka ya 1990 mfanyakazi anaweza kwenda hadi miezi miwili kutumikia kikundi cha mazingira anachokichagua mwenyewe, mshahara wake ukiendelea kuingia. Mwaka 2022 familia ya Chouinard iliachia umiliki wote, na faida isiyorudishwa katika biashara ikaelekezwa kwenye kulinda mazingira. Lakini ukitafuta kinachomshika mzazi kijana, usiruke kituo cha kulelea watoto kilichofunguliwa hapo kazini mwaka 1983. Mama anayenyonyesha anamfikia mwanawe kwa hatua chache. Huo nao ni uendelevu, ingawa hauna mti ndani yake, na waajiri wengi wanaoiga Patagonia huuacha.

Katika Afrika Mashariki sura iliyozoeleka ni siku ya kupanda miti. Wafanyakazi huvaa fulana zenye nembo, picha hupigwa, kisha miche huachiwa mvua. Ajira rasmi zikiwa haba, kijana wa Nairobi au Dar es Salaam si rahisi aache mshahara kwa ajili ya hilo, ila kubaki kwa kukosa pa kwenda kusihesabiwe kuwa ni uaminifu. Angepewa kuitunza miche hiyo kwa miaka mitatu, ndani ya saa za kazi na kwa bajeti inayojulikana, angekuwa na kitu chake pale.

Ufaransa, shinikizo lilianzia vyuoni. Mwaka 2018 zaidi ya wanafunzi 30,000 walitia saini tamko la kutaka waajiri wabadilike, na mwaka 2022 wahitimu 8 wa AgroParisTech, chuo mashuhuri cha kilimo, walisimama siku ya mahafali yao wakawasihi wenzao wazikimbie kazi zinazoharibu dunia.

Wengine hawaondoki, hubaki wakidai. Mwaka 2019 maelfu ya wafanyakazi wa Amazon waliweka majina yao kwenye barua ya wazi ya kuitaka kampuni iwe na mpango wa tabianchi. Septemba 19, siku moja kabla ya mgomo wao, kampuni ilitangaza lengo la kuondoa mchango wake halisi wa hewa ukaa ifikapo 2040. Aprili 2020 iliwafukuza wawili kati ya waliokuwa mstari wa mbele, ikidai wamekiuka taratibu zake za ndani. Mamlaka ya Marekani ya mahusiano kazini iliona mwaka 2021 kuwa malalamiko yao yana msingi, na shauri likaisha kwa maafikiano: wawili hao walipwe mishahara waliyoikosa, na kampuni ibandike tangazo la kuwajulisha wafanyakazi wake kwamba wana haki ya kuungana na kusema.