Peleka Mbele! Historia ya Mtazamaji wa Bongo na Muvi za Kuangalia Nyumbani

Kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la kibanda umiza anaijua kelele hii. Muvi ikianza kujikokota, wapenzi wawili wanaangaliana dakika tatu bila kusema neno, lazima mtu wa nyuma apaze sauti: "Peleka mbele!" Mwenye kibanda hataki fujo, na viti vyake ni vya mbao, kwa hiyo anabonyeza rimoti. Wapenzi wanakimbia kama wana moto miguuni, mpaka ngumi ya kwanza irushwe, hapo ndipo kila mtu anatulia.

Watu wengi wanadhani maoni ya watazamaji Bongo yameanza na simu za kupangusa. Si kweli. Mtazamaji wa Tanzania amekuwa akitoa hukumu tangu siku ya kwanza alipokutana na deki, ila hukumu zake hakuna aliyeziandika. Na kama zingesikilizwa mapema, huenda soko la Bongo Movie lisingepata pigo lililolipata.

Kabla ya deki kulikuwa na majumba ya sinema. Dar ilikuwa na Empire, Avalon na mengineyo, pamoja na Drive-In iliyofunguliwa 1966. Huko mtu aliweza kupiga mluzi au kuzomea, lakini filamu ilienda kwa mwendo wake. Kanda ya video ndiyo iliyompa mtazamaji mamlaka ya kusimamisha, kurudisha nyuma na kuruka. Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi. Bara ilikaa bila kituo chochote hadi 1994. Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi runinga kwenye nyumba ya Bara, kwa wachache waliokuwa nayo, ilikuwa ni chombo cha kuonyeshea kanda. Mwenye nayo alikuwa baharia, mfanyabiashara, au mtu mwenye ndugu Uarabuni, na jioni sebule yake haikuwa yake tena. Majirani walijaa mkekani, watoto dirishani. Haikuchukua muda watu wakaona hii ni biashara, vibanda vikaota kila mtaa.

Humo vibandani ndimo lugha ya kuhukumu muvi ilipozaliwa. Mhusika mkuu aliitwa stelingi, aliyepambana naye aliitwa adui, na sheria ilikuwa moja: stelingi hafi. Commando na Rambo walipendwa kwa sababu waliiheshimu sheria hiyo. Muvi iliyomuua stelingi iliitwa mbovu, na mwenye kibanda aliulizwa kwa nini kala hela za watu. Halafu ikaja Titanic ya 1997. Stelingi anakufa, tena kwa baridi, hakupigwa hata risasi, na bado watu waliitaka tena na tena. Kina mama ambao hawakuwahi kukanyaga kibandani waliitafuta kanda hiyo kwa majirani. Kumbe sheria ya stelingi haikuwa msahafu. Watu walikuwa tayari kulia, mradi hadithi iwalipe machozi yao.

Sasa, mchambuzi mkubwa kuliko wote wa zama hizo hakuwa mwandishi wa gazeti. Alikuwa mfasiri. Ufundi huu ulishamiri kwanza Uganda, ambako wanaoufanya wanaitwa vijei, kisha ukashuka hadi Dar. Mwanzoni mfasiri alikaa na maiki kibandani, akisimulia muvi ikiwa inaendelea. Baadaye akaingiza sauti yake kwenye kanda, kisha kwenye CD, na sauti hiyo ikasafiri hadi vijijini ambako mwenyewe hajawahi kufika. Hakuwa anatafsiri maneno tu. Alimpa adui jina la utani, alimwonya stelingi kwamba nyuma yake kuna mtu, na alieleza ukoo wa wahusika. Karishika, muvi ya Kinaijeria ya mwaka 1996 kuhusu pepo wa kike, ilipata sauti ya Kiswahili kwa mkono wa mmoja wa wafasiri hao, na ikawa ni hadithi ambayo bibi wa Mbagala angeweza kumsimulia mjukuu wake.

Wasomi waliwacheka wafasiri. Walisema wanadanganya watu, wanaongeza chumvi, nusu ya maneno hayamo kwenye muvi. Ni kweli yalikuwa hayamo. Lakini mteja laibrari hakuuliza kama tafsiri ni sahihi. Aliuliza, "Hii imetafsiriwa?" Akiambiwa hapana, aliirudisha kwenye rafu. Hiyo ilikuwa kura ya wazi kabisa kuhusu lugha, na wenye vituo vya televisheni walichelewa mno kuisoma. Mwaka 2011 tamthilia ya Kichina kuhusu Doudou na mama wakwe zake iliingizwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa TBC, na watu wakashangaa jinsi ilivyopendwa. Wa kibandani hawakushangaa. Tofauti ni kwamba Wachina walikuwa na kibali, na mfasiri wa mtaani, mbele ya sheria ya hakimiliki ya 1999, hakuwa nacho.

Mtu mwingine wa kukumbukwa ni kijana wa laibrari. Kila mtaa ulikuwa na wake. Daftari la mistari, kalamu imefungwa kwa uzi, kitambulisho cha mteja ndani ya droo. Kanda iliporudi aliuliza swali lile lile, "Vipi, ni kali?" Majibu hakuyaandika ila aliyaweka kichwani, na mteja wa pili akija aliambiwa, "Hiyo wamama wameisifia" au "Hiyo achana nayo, imebuma." Na kanda yenyewe ilikuwa na ushahidi wake. Ukiona picha imejaa mikwaruzo sehemu moja, ujue hapo ndipo watu walipokuwa wakirudisha nyuma.

Ndipo ikaja zamu ya muvi za nyumbani kwetu. Wanaijeria walishaonyesha njia na Living in Bondage ya 1992: piga picha kwa video, uza kanda moja kwa moja, jumba la sinema la nini? Girlfriend ya 2003, iliyowaweka wanamuziki wa Bongo Fleva mbele ya kamera, ikawa moto. Watu walikuwa na njaa ya kujiona. Walitaka nyumba zenye mageti kama wanayopita kila siku, mama mkwe anayesema Kiswahili, mganga anayefanana na mganga. Kwa miaka kadhaa wateja walinunua karibu kila kilichotoka, na walisamehe mengi: sauti inayokatika, taa inayounguza uso, maandishi ya Kiingereza chini ya picha yaliyochekesha kuliko komedi yenyewe.

Kitu ambacho hawakusamehe ni sehemu ya 1 na sehemu ya 2.

Jambo hili lilianza na sababu halali. VCD moja hubeba kama dakika 74 tu za picha. Hadithi ya saa mbili haiingii, kwa hiyo diski mbili zilikuwa lazima. Lakini DVD ilipokuja, yenye nafasi ya kutosha muvi nzima, mtindo haukubadilika. Hadithi moja iliendelea kuuzwa mara mbili, na hadithi ndogo ilivutwa ijaze diski zote. Ndipo mtazamaji akaanza kuletewa gari linalofika getini, honi, mlinzi anafungua, gari linapaki, mtu anashuka, anafunga mlango, anapanda ngazi, anakaa, anapiga simu. Sehemu ya pili nayo inaanza kwa kurudia mwisho wa sehemu ya kwanza. Watu walilalamika kwanza, kisha wakaigeuza kuwa utani, na walipoacha kutania walikuwa wameshaacha kununua.

Si kwamba hawakuwa na mapenzi. Aprili 2012, nyota mkubwa kuliko wote wa fani hiyo alipofariki akiwa na miaka 28, maelfu walifurika Leaders Club kumuaga, wengine wakazimia. Lakini kumlilia msanii ni jambo moja, na kutoa hela kwa ajili ya sehemu ya 2 ni jambo lingine. Mtu aliweza kufanya la kwanza na kugoma la pili bila kujiona mnafiki.

Hasa kwa sababu mbadala ulikuwa pale pale mezani kwa mmachinga. Prison Break, 24, na Jumong ya Wakorea yenye vipindi 81 ambavyo mtu alivimaliza kwa kukesha. Kulikuwa na diski za magendo zenye muvi ishirini na zaidi ndani ya diski moja. Hesabu haihitaji mwalimu: ishirini kwa diski moja, au moja kwa diski mbili?

Serikali ilileta stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki mwaka 2013. Diski ya nyumbani ikabeba gharama, ya magendo haikubeba kitu. Aprili 2017 wasanii wa filamu wakaingia barabarani Kariakoo kupinga uuzaji holela wa muvi za nje. Walikuwa na hoja nzito. Huwezi kushindana na mtu asiyelipa msanii, asiyelipa kodi, asiyepeleka kazi yake Bodi ya Filamu. Ila mtazamaji naye alikuwa na jibu alilolishika miaka kumi: tengenezeni muvi nzuri, tutanunua. Mitandaoni wasanii walichekwa vibaya siku hizo, wengine wakatukanwa, na hilo halikuwa haki.

Hoja zote mbili zilikuwa za kweli. Kilichofichika katikati ni msambazaji. Mtayarishaji wengi wao walimuuzia yeye haki zote za muvi kwa mkupuo, wakapewa chao, wakaenda kushuti nyingine. Iuze, isiuze, hawakuongezewa wala kupunguziwa. Aliyetunga hadithi hakuwa na sababu ya kwenda laibrari kuuliza "Vipi, ni kali?", na msambazaji aliyekuwa na namba za mauzo mkononi aliagiza tu kile kilichouza mwezi uliopita. Maoni ya mteja yalifika Kariakoo yakaishia stoo.

Tamthilia zimehamia kwenye ving'amuzi sasa. Azam TV, iliyoanza mwishoni mwa 2013, iliwaletea watu Sultan ya Waturuki ikizungumza Kiswahili, kisha tamthilia za nyumbani zikashika nafasi zao za kila jioni. Kijana wa laibrari hajapotea lakini. Daftari limekuwa kompyuta, kanda zimekuwa flashi. Mteja harudishi kitu tena, kwa hiyo lile swali la zamani halina pa kuulizwa. Ila kijana akichomeka flashi ya mteja wa wiki iliyopita kumjazia vipya, anakuta baadhi ya muvi zimeshafutwa na nyingine zimeachwa, wakati mwingine imebaki moja tu, na hiyo mteja anasema, "Hiyo usiiguse."