Ramani ya Butiama na Leseni Mbili

Anayetoka Bunda kwenda Musoma kwa basi huipita njia panda ya Makutano, ambako barabara ya Butiama na Mugumu inachepuka. Barabara kuu ilikuwamo katika kila ramani. Vilivyokosekana ni vitongoji na njia za ng'ombe zinazoviunganisha. Ukifika Disemba, msimu wa ukeketaji, kasoro hiyo iliumiza: binti akiomba msaada, anayemfuata usiku alipaswa kwanza kuulizia kwao ni wapi.

Mwaka 2015 Janet Chapman wa Uingereza alianzisha Crowd2Map Tanzania. Kazi yake mkoani Mara ilishikamana na ya Rhobi Samwelly, mwanzilishi wa Hope for Girls and Women Tanzania, shirika lenye nyumba salama Mugumu na Butiama. Watu wa kujitolea walioko mbali walichora mapaa na njia wakitazama picha za setilaiti. Wenyeji wakaongeza majina, shule na zahanati kwa simu zao. Yote yaliingia OpenStreetMap, ramani ya umma iliyoanzishwa na Steve Coast mwaka 2004.

Ramani hiyo ina sharti, na sharti hilo lina asili yake katika programu za kompyuta. Mwaka 1989 Richard Stallman wa Marekani alitoa leseni ya GPL: tumia, badilisha, gawa, lakini ukigawa ulichobadilisha, wape watu msimbo wake kwa leseni ileile. Leseni za vyuo, kama za BSD na MIT, zilikuwa nyepesi. Zilitaka kidogo zaidi ya kutunza jina la mwenye kazi. Ndiyo maana msimbo wa MIT huingia katika programu ya GPL bila ugomvi, ila wa GPL haurudi kuwa wa MIT. Ni kama Mto Mara: maji yake yakishapita daraja la Kirumi na kuingia ziwani, hayarudi mtoni.

OpenStreetMap ilianza na leseni ya Creative Commons yenye sharti la kurithisha kama la GPL, iliyotungwa kwa ajili ya maandishi na picha. Data ni kitu kingine, na wanasheria waliona leseni hiyo haiishiki vizuri. Basi kila mchangiaji akaombwa kukubali leseni mpya ya hifadhidata, ODbL, yenye sharti hilohilo. Waliokataa, au wasiopatikana, mistari yao ilifutwa kabla ya leseni kubadilika rasmi tarehe 12 Septemba 2012. Hatua hiyo naiheshimu, ingawa ilikuwa chungu: mtu alijitolea bure, na hata kwa nia njema hakuna aliyekuwa na haki ya kubadilisha ahadi aliyotolea kazi yake bila kumuuliza.

Kisha zikaja mashine za kuchora majengo kutoka picha za setilaiti. Mwaka 2019 Microsoft ilitoa michoro ya majengo zaidi ya milioni 17 ya Tanzania na Uganda, tayari kwa ODbL. Mwaka 2021 Google ikatoa ya majengo milioni 516 barani Afrika. Leseni ambayo wengi wangeichagua ni CC BY 4.0, ile nyepesi ya kutaja jina tu, na mtu angedhani itapita kama msimbo wa MIT. Sivyo. CC BY inakataza kufungia data kwa kufuli za kidijitali. ODbL inaruhusu nakala iliyofungwa mradi iliyo wazi itolewe pamoja nayo. Kwa hiyo tayari mwaka 2017 OpenStreetMap Foundation, taasisi inayoisimamia ramani hiyo, ilikuwa imetaka mwenye data ya CC BY 4.0 atoe kwanza idhini ya ziada. Google ilikwepa kikwazo hicho kwa kutoa data yake kwa leseni zote mbili, kila mtumiaji achague inayomfaa.

Hivyo mchoraji wa Butiama leo anaweza kuchukua umbo la nyumba lililokadiriwa na mashine na kuliweka kihalali katika ramani ya umma. Hulikagua kwanza, kwa kuwa jabali linalong'aa juani laweza kudhaniwa bati. Kisha huandika jina la kitongoji, ambalo setilaiti haiwezi kulisoma. Hilo hutoka kwa mtu anayekaa pale.