Kutoka Vijiweni hadi Dirishani: Historia Fupi ya Kliniki ya Methadoni Muhimbili

Rasmi, kliniki ya methadoni ya Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifunguliwa Februari 2011. Wakongwe wa kazi hii hawaridhiki na tarehe hiyo. Kwao kliniki ilianza miaka mingi nyuma, Manzese, Magomeni na Mwananyamala, kwenye magofu na vichochoro ambako vijana walikusanyika kuvuta unga, yaani heroini, na baadaye kujidunga, na ambako daktari alikuwa haonekani. Jengo la Upanga, ilipo Muhimbili, lilikuja mwisho.

Unga ulishaingia pwani ya Afrika Mashariki tangu miaka ya 1980. Kwa muda mrefu ulikuwa wa kahawia, wa kuvuta, mara nyingi ukisokotwa pamoja na bangi na tumbaku. Kuelekea mwaka 2000 ukaja mweupe unaoyeyuka kwenye maji, na sindano ikafuata nyuma yake. Jiji lilikuwa limeshazoea kuwaita watu hawa mateja na kuwakimbiza. Wachache walikaa nao chini wakawauliza wanaishije.

Miongoni mwa wachache hao walikuwamo wasomi wa Muhimbili. Profesa Gad Kilonzo, daktari wa magonjwa ya akili, alikuwa katika kundi la watafiti, wakiongozwa na Sheryl McCurdy kutoka Texas, ambalo mwaka 2005 liliutangazia ulimwengu jambo lililowatoa watu jasho. Baadhi ya wanawake wa Dar es Salaam wanaojidunga, wakimhurumia mwenzao asiye na hela ya kete ya unga, walikuwa wakivuta damu yao kwenye bomba la sindano mara tu baada ya kujidunga na kumpa mwenzao ajichome nayo. Waliamini damu ile imebeba unga wa kutosha kumtuliza arosto, yaani maumivu ya kukosa unga. Ulikuwa ni ukarimu kabisa, na ni njia ya haraka sana ya kuambukizana virusi vya UKIMWI. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwapima watu wa jijini wanaojidunga ukakuta asilimia 42 wana VVU, wakati kiwango cha taifa kilikuwa takriban asilimia 6.

Hapo ndipo jina la Jessie Mbwambo linapoingia, na kwa wengi halitoki tena. Daktari huyu wa magonjwa ya akili, mwalimu wa vizazi kadhaa vya madaktari wa Muhimbili, alikuwa na kazi mbili kwa pamoja: kutafuta dawa, na kuwashawishi wakubwa kwamba dawa hiyo si kichekesho. Swali lilikuwa lilelile kila ukumbini: mtu ameharibiwa na dawa ya kulevya, nanyi mnampa nyingine?

Jibu lilihitaji subira. Heroini humdai mtu mara tatu au nne kwa siku. Kila saa chache mwili unauma, pua inachuruzika, tumbo linafunguka, na mtu ataiba hata sufuria ya mama yake ili apate kete. Methadoni nayo ni ya jamii ya afyuni, lakini humezwa, hupanda taratibu na kukaa mwilini saa 24 na zaidi. Dozi moja asubuhi, na siku nzima mtu ana akili ya kutafuta kibarua, kumeza ARV na kurudi nyumbani kulala. Hajidungi, kwa hiyo hachangii bomba. Mauritius ilikuwa imeanza mwaka 2006, lakini Afrika bara kusini mwa Sahara ilikuwa haijawa na programu ya umma ya namna hii. Ikaanzia Upanga.

Fedha zilitoka kwa Wamarekani kupitia PEPFAR, mpango wao wa kupambana na UKIMWI. Shirika la Pangaea likashika usimamizi wa mradi. Douglas Bruce wa Chuo Kikuu cha Yale akaja kufundisha madaktari na wauguzi kupima dozi. Tume ya kudhibiti dawa za kulevya ya wakati huo ilibeba upande wa serikali. Wote wanastahili shukrani, na katika hotuba huzipata.

Wanaosahaulika kwenye hotuba ni waelimishaji rika. Mashirika ya Kimara Peer Educators, Blue Cross na YOVARIBE yalikuwa na watu wao vijiweni, na baadhi walikuwa wametokea hukohuko. Walikwenda na kondomu, maneno na muda. Aliyetaka kuanza dawa hakuokotwa tu mtaani akapelekwa hospitali. Alitakiwa kwanza ahudhurie vikao kwenye shirika, aonekane anakuja, aelezwe kwamba atakunywa kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo. Baada ya hapo ndipo alisindikizwa Muhimbili kupimwa mkojo, VVU, kifua kikuu na homa ya ini. Asipotokea siku mbili tatu, mwelimishaji alirudi kijiweni kumwulizia. Bila miguu ya watu hawa, kliniki ingekuwa chumba chenye chupa.

Dirisha lenyewe la kutolea dawa halina makuu. Mteja anasimama, anatajwa jina na namba, mfamasia anapima dawa ya maji kwenye kikombe kidogo, mteja anakunywa mbele yake na kusemeshwa kidogo ili ijulikane amemeza kweli. Anayekuja akiwa amelewa husubirishwa, kwa maana methadoni juu ya pombe au unga inaweza kuzima pumzi. Dozi huanza chini na kupandishwa kwa wiki kadhaa. Mapema madaktari waligundua kitu ambacho vitabu vilikuwa vimeonya: mteja aliyetulia vizuri, akianzishiwa dawa za kifua kikuu, anarudi analalamika arosto. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, huliharakisha ini kuivunja methadoni. Nevirapini, ARV iliyotumika sana siku hizo, hufanya hivyohivyo. Dawa hizo hazikusimamishwa. Dozi ya methadoni ndiyo iliyopandishwa. Baadaye matibabu ya VVU na kifua kikuu yakaunganishwa na kliniki yenyewe, mteja asizungushwe majengo matatu.

Katika miaka miwili ya mwanzo zaidi ya watu 600 waliandikishwa. Baada ya mwaka mmoja, kidogo zaidi ya nusu walikuwa bado wanakuja. Si haba, ukizingatia nauli: daladala kwenda na kurudi, kila siku, kwa mtu asiye na kazi. Kliniki ya Mwananyamala ilipofunguliwa mwaka 2012, mtu wa Kinondoni akaweza kwenda kwa miguu.

Mambo hayakukosa mikwaruzo. Uhusiano na polisi ulihitaji vikombe vingi vya chai, maana mteja aliyekamatwa asubuhi ni mteja aliyekosa dozi. Mwaka 2017, msako dhidi ya dawa za kulevya ulipopamba moto na vituo vya mtaani vilivyohudumia makundi maalumu kuagizwa vifungwe, mashirika yalipita kipindi cha kutembea kwa tahadhari. Dirisha halikufungwa.

Yaliyofuata ni mengi, na hapa yatatajwa tu. Kliniki ya Temeke, kwa msaada wa shirika la Médecins du Monde. Kidongo Chekundu, Unguja, mwaka 2015, katika visiwa ambavyo tayari vilikuwa na nyumba za upataji nafuu zilizoanzishwa na watu walioacha wenyewe. Kenya ikafuata mkondo mwishoni mwa 2014, kwanza Mathari, halafu Malindi na Kisauni. Sheria mpya ya Tanzania ya mwaka 2015 iliyozaa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Kliniki nyingine za Itega Dodoma, Mbeya, Mwanza, Bagamoyo, Tanga, Arusha. Gereza la Segerea. Waliokuwa wateja wakaajiriwa kuwa waelimishaji rika.

Deni moja limebaki tangu siku ya kwanza. Wanawake walikuwa ndio walioathirika zaidi na VVU, lakini katika kliniki walikuwa chini ya mmoja kati ya kumi. Wengi walikuwa na watoto wa kutafutiwa mlezi, wengine mwanamume wa kuomba ruhusa, na foleni ilijaa wanaume waliowahi kuwadhulumu kijiweni. Mashirika yakajaribu waelimishaji rika wanawake na vikao vya wanawake peke yao, na wanawake wakaanza kuongezeka, polepole.