Kunde Mwitu: Mzazi wa Porini wa Kunde Zetu

Maharage yanayojaa masoko ya Kigoma na Ujiji asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Kunde, kinyume chake, ni zao la Afrika, na mzazi wake, kunde mwitu, bado anajiotea katika savana na vichaka vya bara hili, hata kandokando ya mashamba.

Tazama ganda la kunde mwitu. Ni jembamba na la rangi nyeusinyeusi. Likikauka hupasuka, likajisokota na kurusha mbegu mbali na shina. Mbegu ni ndogo mno, na ngozi yake ngumu huichelewesha kuota, hivyo mvua ya kwanza ikikatika ghafla, zipo mbegu nyingine zilizosalia udongoni. Wakulima wa kale walipendelea maganda yasiyopasuka na punje nene. Ndivyo tulivyopata kunde za kula, lakini sehemu kubwa ya urithi ikabaki porini.

Vipimo vya vinasaba vinathibitisha hilo: kunde mwitu zina tofauti nyingi kuliko zinazolimwa. Nyuki nao huhamisha chavua kati ya kichaka na shamba, hivyo jamaa hawa hawajatengana kabisa.

Benki ya mbegu ya IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo huko Ibadan, Nigeria, inatunza zaidi ya sampuli 15,000 za kunde, hazina kubwa na ya lazima. Hata hivyo, mbegu iliyo kwenye baridi imelala. Ya porini hupambana na ukame na wadudu kila msimu, na huendelea kubadilika maadamu kichaka chake hakijafyekwa.